Pilau la Ijumaa na Mpishi Aliyesema "Bado"

Leo ni Ijumaa, na najua kwa wengi wenu sufuria la pilau liko jikoni au liko njiani kwenda jikoni. Mazungumzo yangu yanahusu pilau la mgahawani, lile tunalolilipia. Kuna mgahawa mmoja wa Kariakoo, hapa Dar es Salaam, ambao niliupenda sana. Nilihamia mbali, ikapita miaka bila kuukanyaga, na juzi nilipourudia nilitoka na majonzi. Jina lake silitaji. Wenyewe wakinisikia watajijua, na yote nitakayoyasema hapa niliwaambia kwanza wao, ana kwa ana, kabla sijaingia studio.

Nianze na ulivyokuwa.

Ulikuwa ndani ya nyumba ya Kiswahili. Nyumba za namna hiyo Kariakoo sasa zimebaki za kuhesabika, zimezibwa na maghorofa kila upande, lakini wenyeji mnaikumbuka ramani yake: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia, na nyuma kabisa uani. Vyumba viwili vya mbele vilibomolewa ukuta, vikawekwa meza na mabenchi, hapo ndipo tulipokula. Kazi yenyewe ilikuwa uani, chini ya banda la bati: majiko makubwa ya mkaa, masufuria yenye vitako vizito, pipa la maji, kinu, na mpishi. Alikuwa mama wa makamo, mtu wa Rufiji, na wateja wote tulimwita Shangazi, hata wale waliomzidi umri.

Ijumaa, watu wakitoka msikitini, foleni ilifika barazani. Mwenye mgahawa, mzee mtaratibu sana, alikuwa akienda mpaka mlango wa uani anauliza, "Dada, tupakue?" Sauti inatoka kwenye moshi: "Bado, kaka." Basi anarudi mbele, anatuomba radhi, anaagiza tuletewe juisi ya ukwaju tukiwa tunasubiri. Hakubishana naye hata siku moja niliyokuwepo. Mwenye mali ni yeye, mwenye leseni ni yeye, na kodi inamsubiri yeye, lakini kuhusu saa ya kupakua, mwenye kauli ya mwisho alikuwa mpishi. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililoujenga mgahawa ule, kuliko mtaa uliokuwepo na kuliko jina lililokuwa mlangoni.

Siku moja nilifika mapema nikaomba kukaa uani nitazame. Shangazi alikuwa na vitunguu vyekundu, vya Singida au vya Mang'ola kutegemea msimu, amevikata vyembamba na kwa unene mmoja, beseni zima. Akavitia kwenye mafuta ya moto, akakaa navyo. Hapo ndipo wapishi wengi wanapolipua kazi. Kitunguu kwanza kinatoa maji na kulainika, unakaa hapo muda mrefu ukidhani hakuna kinachoendelea, halafu kinaanza kugeuka pembeni, na kuanzia hapo mambo yanakwenda mbio: dhahabu, kahawia, kahawia iliyokolea, na ukipepesa macho kimeungua na pilau lote litakuwa chungu. Shangazi alikoroga bila kuacha mpaka kilipofika pale alipopataka, ndipo akakikatisha kwa upawa wa supu ya nyama. Sufuria likalia shaa! na rangi yote iliyokuwa ndani ya kitunguu ikamwagika kwenye ile supu. Msikilizaji, hiyo ndiyo rangi ya pilau. Hainunuliwi dukani.

Kisha vikafuata kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa pale pale kinuni, na viungo vyake: iliki, karafuu, mdalasini, pilipili manga, na binzari nyembamba, ile wanayoiita uzile Unguja, nusu yake nzima na nusu imepondwa. Nyama yenye mfupa ilishachemshwa tangu alfajiri, na supu yake ndiyo iliyopikia mchele. Mchele ulikuwa wa Mbeya, wa Kyela akiupata, na aliupendelea uliokaa ghalani miezi kadhaa. Mchele uliotoka shambani juzi unashikana. Uliokaa unakunywa supu zaidi na punje zinaachana. Supu ilipokaribia kukauka aliutoa mkaa chini kwa koleo, akabakiza kidogo tu, uliobaki akaupanga juu ya mfuniko. Akapalia. Moto juu, moto chini, na hakuna mtu kufunua. Ile "bado" yake ilikuwa ya hapo. Punje inaweza kuonekana imeiva kwa nje huku kiini chake kingali kigumu, na dawa yake ni kuiacha imalizike kwa mvuke, foleni iwe imefika barazani au imefika Mtaa wa Msimbazi.

Na chini ya sufuria kulikuwa na ukoko. Ukoko wa kahawia, mkavu, unaovunjika mdomoni, uliobeba mafuta na viungo vyote vilivyoshuka. Waliouwahi waliuwahi. Wapo waliotoka ofisini mapema kwa ajili ya ukoko tu, na sikuwahi kuwalaumu.

Sasa nije kwenye juzi.

Ile nyumba ilibomolewa, kama zilivyobomolewa nyingi, ghorofa likapanda, na mgahawa ukapata fremu chini ya ghorofa hilo hilo. Nilifurahi nilipoona bango: jina lile lile, herufi kubwa zenye taa, na chini yake mwaka ulioanzishwa. Ndani kuna vigae, feni, televisheni, meza safi, sabuni na bomba la kunawia. Hayo nayapongeza kwa dhati. Kule zamani tulikuwa tunatoka jasho mpaka shati linaganda mgongoni, na hakuna anayepaswa kulikumbuka joto lile kwa mapenzi.

Kijana akaja. "Karibu mzee wangu. Kuna pilau nyama, pilau kuku, biriani, wali samaki, ndizi utumbo, chipsi kuku." Zamani Ijumaa ilikuwa pilau, na likiisha limeisha. Nikaagiza pilau nyama. Lilifika kabla sijamaliza kufuta mikono.

Nilipoliangalia tu, moyo ulishuka. Lilikuwa na rangi moja kuanzia ukingo wa sahani mpaka ukingo. Pilau la kitunguu huwa na punje zilizokolea na punje nyepesi, zimechanganyikana. Hili lilikuwa limepakwa. Nilipoonja nikaelewa: viungo vya paketi, vilivyosagwa zamani, vinavyobaki ulimini kama vumbi. Niligeuza wali kwa kijiko nikitafuta iliki hata moja, karafuu hata moja, na sikuona. Punje zilikuwa fupi, nyingi ni chenga, nje zimelowa na ndani zina kiini. Nyama ilikuwa vipande vidogo vya steki vilivyochemshwa kwenye chungu kingine na kuwekwa juu wakati wa kupakua, kwa hiyo wali ulikuwa haujawahi kuonana na supu yake. Kachumbari ilikatwa asubuhi, nyanya zimeshachuja maji. Nikamuuliza kijana ukoko. Hakunielewa, akadhani namlalamikia kwamba chakula kimeungua, akaniomba radhi kwa adabu kabisa. Kijana yule hana kosa. Hakuna aliyemwonyesha ukoko.

Sahani shilingi 8,000. Nilipokula pale mara ya mwisho ilikuwa 4,000.

Kuhusu bei nataka nitende haki, kwa sababu wapo wanaodhani kila mwenye mgahawa anajitajirisha. Mwaka 2022 mafuta ya kula yalipanda kwa kasi ya kutisha. Vita vya Ukraine vilivuruga biashara ya mafuta ya alizeti duniani, na mwishoni mwa Aprili mwaka ule Indonesia, nchi inayoongoza duniani kwa mawese, ikasimamisha kuyauza nje kwa zaidi ya wiki tatu. Sisi tunaagiza nje sehemu kubwa ya mafuta tunayokaangia, kwa hiyo pigo lile lilishuka moja kwa moja kwenye karai la mama ntilie. Mwanzoni mwa 2023 mchele mzuri hapa mjini ulivuka shilingi 3,000 kwa kilo. Kabla ya hapo, Julai 2021, jengo la soko la Kariakoo liliungua, na wafanyabiashara waliokuwa wakiuza vitunguu na viungo kwa jumla wakatawanyika kwenye masoko mengine. Mwenye mgahawa aliyevuka miaka hiyo na bado anafungua mlango kila asubuhi amefanya kazi ya kiume. Angeniambia sahani ni 10,000 ningetoa bila kunung'unika, mradi iwe pilau. Linaloniuma ni bei kupanda na chakula kushuka kwa mkupuo mmoja, kisha bango lenye taa linaendelea kusema ni kile kile.

Wengine mtasema tatizo ni gesi kuchukua nafasi ya mkaa, kwamba pilau bila mkaa haliwi pilau. Hapo tutofautiane. Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034, na mimi nauunga mkono kwa sababu nimeyaona macho ya Shangazi. Yalikuwa mekundu tangu asubuhi, na alikohoa alipoinama kupuliza jiko. Ladha yangu ya Ijumaa haistahili mapafu ya mtu. Tena gesi inapika pilau zuri. Majumbani kwenu mnapika. Moto wake una tabia ya kukusanyika katikati, basi unaweka bamba la chuma chini ya sufuria, unapunguza moto mpaka mwisho, unafunika vizuri na kuweka kitu kizito juu ya mfuniko, au ukiwa na oveni unamalizia humo. Ukoko utaupata. Unachohitaji ni muda, na huo ndio uliokosekana katika sahani niliyowekewa. Kila kasoro niliyoiona ilikuwa kasoro ya haraka: kitunguu hakikusubiriwa, supu haikusubiriwa, mvuke haukusubiriwa.

Kaunta alikaa mtoto wa yule mzee. Mzee mwenyewe ameshatangulia mbele ya haki. Kijana alinitambua, akasimama. "Shikamoo ba'mdogo." "Marahaba mwanangu, poleni na msiba, mimi habari nimezipata nimechelewa." Tukazungumza ya baba yake kwanza, kama inavyopasa. Kisha nikamwambia: mwanangu, pilau hili silo. Hakukasirika. Akataka nimtajie kasoro, nikamtajia moja moja, akawa anaitikia kwa kichwa. Nikamuuliza Shangazi yuko wapi.

"Shangazi tulishindwana, ba'mdogo, tulipohamia huku. Sasa anapika shughuli, huko Mbagala na Temeke."

"Mlishindwana nini?"

"Posho kidogo. Lakini zaidi ni muda. Siku hizi oda zinaingia kwa simu, bodaboda wamesimama mlangoni. Yeye anasema bado, mteja anafuta oda."

Nilishukuru kwamba alinijibu ukweli. Maana yake baba alimsikiliza mpishi, na mtoto anaisikiliza simu. Siwezi kumdharau kijana kwa hilo. Oda za simu ndizo zinazomlipia fremu, na kodi ya fremu Kariakoo hailipwi kwa sifa. Lakini hata kwa hesabu ya biashara amepata hasara asiyoiona. Pilau linalofungwa moto kwenye foili linatoa jasho, mvuke unarudi kwenye wali, na mteja wa Mikocheni analipokea limelowa. Wapishi wanaojua wanaliacha litulie na kupumua kidogo kabla ya kulifunga. Kwa hiyo oda ya simu inataka uvumilivu zaidi ya sahani ya mezani, na mwenye kulijua hilo alikuwa ni yule yule waliyeshindwana naye.

Nikamuuliza na posho. Miaka yote ile Shangazi alilipwa kwa siku. Siku ya kuugua, hakuna. Siku ya kufiwa, hakuna, labda mzee aingize mkono mfukoni kwa huruma yake, na nasikia mara nyingi aliuingiza. Huruma ya mzee ilikwenda naye kaburini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti yake ya kazi kwa maandishi, na inampa likizo ya mwaka isiyopungua siku 28. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri anatoa angalau nusu yake. Mpishi aliyejaza mabenchi yale kila Ijumaa hakuwa na karatasi, hakuwa na likizo, hakuwa na mchango. Kwenye makaratasi alikuwa kama mpita njia aliyeomba kuwasha moto uani kwa watu. Na sisi tuliokuwa tukila tukijilamba vidole, tukipiga simu kuwaita marafiki, tulilitaja jina la mgahawa. Jina la mpishi wengi wetu hatukulijua.

Sasa tazama shughuli zinavyokwenda. Familia ikiwa na harusi au hitima, swali la kwanza kwenye kikao ni mpishi nani. Anatajwa kwa jina, anaitwa, anakuja kukaa na wenye shughuli. Yeye ndiye anayeandika orodha: mchele kilo kadhaa, na wa wapi, vitunguu kiasi gani, iliki, mdalasini, nyama ya sehemu gani. Wenye hela wananunua alichoandika. Siku yenyewe anakuja na wasaidizi wake, na hata mama wa bibi harusi hafunui sufuria bila ruhusa. Anapewa chake kwa mapatano, mara nyingi na khanga juu. Kule "bado" yake inaheshimiwa na watu mia tatu waliovaa nguo zao nzuri. Kwa nini arudi kwenye fremu kuharakishwa na simu?

Nimefikiri sana juu ya jambo hili tangu juzi, na naona tunawakosea wapishi wetu kwa namna tusiyomkosea fundi mwingine. Fundi cherehani mzuri tunamfuata akihama mtaa. Kinyozi akihama duka tunahama naye. Mpishi wa mgahawa akiondoka hatuambiwi, na hatuulizi. Tunaendelea kulipa, tunaguna, tunamwambia mhudumu "asante, chakula kizuri," halafu haturudi tena, na mwenye mgahawa anabaki akidhani wateja wamepungua kwa sababu ya hali ngumu. Ndiyo maana nilikwenda kaunta. Mtu aliyekulisha vizuri kwa miaka anastahili kuambiwa pilau lake limeharibika, tena aambiwe kwa upole, bila watu wengine kusikia.

Kijana aliniambia atamtuma mtu kwa Shangazi amwombe aje awafundishe vijana wa jikoni hata kwa wiki moja. Nikamkatalia. Nikamwambia: nenda wewe mwenyewe, na mkeo, na kilo mbili za sukari. Kamwamkie. Usimwombe mafunzo ya wiki, mwombe Ijumaa. Siku nyingine uza chipsi zako na ndizi utumbo, ila Ijumaa jiko liwe lake, orodha aandike yeye, na oda za simu zifunguliwe pale atakaposema tayari. Mwandikie karatasi, mpeleke NSSF. Na kwenye lile bango, chini ya ule mwaka, andika jina lake. Kijana alinyamaza kidogo, akaniambia bango ni ghali kulibadilisha. Nikamwambia aanze na karatasi mlangoni. Akacheka, akasema atakwenda Mbagala Jumapili. Kama amekwenda au hakwenda, nitapita nione, na nitakuja kuwaeleza hapa hapa.

Kwa sasa nina ombi kwenu. Kila mmoja ana mgahawa wake, awe Tandika, Tanga, Mwanza au Morogoro, anaokula na kushiba. Wiki hii ukimaliza kula, uliza nani kapika. Nenda mpaka mlango wa jikoni umsalimie, na kama ataridhia, tuletee jina lake na chakula anachokijua kuliko wote. Ijumaa ijayo tutayasoma majina hayo, na tutaanza na la Shangazi, maana nililiuliza pale kaunta na kijana alilijua. Nimemtumia salamu aniruhusu kulitaja.